Somo la Afya: Kuuliza Hakumpi Mtu Wazo la Kujiua

Wengi huogopa kumuuliza mwenye huzuni nzito iwapo anafikiria kujiua, wakidhani swali hilo litampa wazo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kinyume: kuulizwa kwa upole humpunguzia mtu wasiwasi na kumfanya ajione anaeleweka.

Sonona ni ugonjwa na hutibika. Huzuni au kukosa hamu ya mambo kwa wiki 2 au zaidi, usingizi kupotea na kujiona huna thamani ni dalili zake. Ukiziona kwa ndugu au jirani, keti naye faraghani, muulize, msikilize bila kumlaumu. Akikiri, usimwache peke yake. Weka mbali viuatilifu na dawa, kisha msindikize kituo cha afya. Mficha maradhi, kifo humuumbua.