Msimamizi si mwenye mali: jinsi ya kufungua mirathi na kuifunga

Katika familia nyingi mirathi huishia siku mahakama inapotoa barua ya usimamizi. Barua inafungiwa kabatini, aliyepewa anaanza kupokea kodi za wapangaji, na ndugu wengine wanaambiwa wawe na subira. Baada ya miaka kadhaa nyumba inaonekana na bango la "Inauzwa", na hapo ugomvi unaanza upya. Barua ile haimpi mtu mali. Inamruhusu kuanza kazi, na kazi hiyo ina mwisho wake kisheria.

Maelezo haya yanahusu Tanzania Bara, kwa sababu Zanzibar ina sheria na mahakama zake, zikiwemo za kadhi. Tutakwenda na mfano mmoja. Fundi seremala aliyeishi Tabata, Dar es Salaam, amefariki bila wosia. Ameacha mjane, mtoto wa kiume na wa kike, wote watu wazima, na wazazi wake walishatangulia. Ana nyumba Tabata, shamba Kilosa, akiba benki na deni la SACCOS.

Kabla ya kwenda mahakamani

Anzeni na cheti cha kifo, ambacho hutolewa na RITA. Kibali cha mazishi kinatosha kuzikia tu. Mahakama na benki zitataka cheti. Hakikisheni jina lililo kwenye cheti linafanana na lililo kwenye hati ya nyumba na akaunti ya benki. Kama marehemu alitumia majina mawili, tayarisheni kiapo kinachoeleza kwamba ni mtu mmoja.

Kadi ya benki na laini ya simu ya marehemu ziwekwe mahali salama, zisitumike. Hata anayetoa fedha za kulipia turubai na chakula cha msiba atakuja kuulizwa. Gharama za mazishi zinarudishwa kutoka kwenye mali ya marehemu, kwa hiyo tunzeni risiti.

Kisha fanyeni kikao cha ukoo au cha familia. Muhtasari wake uwe na tarehe, majina na saini za waliohudhuria, jina la anayependekezwa kuwa msimamizi, na orodha ya warithi wote. Asifichwe mtu, hata mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa au mke wa pili anayeishi mkoa mwingine. Kama haki yake inabishaniwa, mahakama ndiyo itakayoamua. Mrithi aliyefichwa akijitokeza baadaye anaweza kuomba uteuzi utenguliwe, nanyi mkaanza upya.

Kikao hupendekeza na mahakama huteua. Si lazima awe baba mdogo au kaka mkubwa. Mjane anaweza kuteuliwa, binti vilevile, na mahakama inaweza kuteua zaidi ya mmoja. Chagueni anayejua kuweka kumbukumbu na anayepokea simu za ndugu zake.

Ulizeni pia kama kuna wosia. Baadhi ya watu huuhifadhi RITA, wengine kwa wakili, benki au kiongozi wa dini. Ukipatikana na umetaja msimamizi, huyo ndiye anayepaswa kuuwasilisha mahakamani. Kwa Muislamu, wosia hauwezi kutoa zaidi ya theluthi moja ya mali kwa wasio warithi.

Jalada lifunguliwe wapi

Hapa ndipo wengi hukosea. Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi inayofuata sheria za Kiislamu au za kimila, na iwe mahakama ya mahali marehemu alipokuwa na makazi ya kudumu alipofariki. Fundi wetu alikuwa Muislamu na aliishi Tabata, hivyo jalada ni la Dar es Salaam hata kama amezikwa Kilosa na shamba liko huko. Kwa wakazi wa jiji hilo, Kituo Jumuishi cha Temeke kinashughulikia mashauri ya mirathi na ndoa. Shangazi akifungua jalada lingine Kilosa, mtakuwa na wasimamizi wawili wa mali moja, na mmojawapo lazima aondolewe.

Mirathi ya Mkristo ambaye maisha yake hayakufuata mila hupelekwa Mahakama ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu, kulingana na thamani ya mali, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352. Mahakama huangalia mwenendo wa maisha ya marehemu na nia yake. Jina la ubatizo peke yake halimalizi swali hilo. Kwa maombi ya Sura ya 352, ikipita miaka mitatu tangu kifo, mwombaji lazima aeleze sababu ya kuchelewa.

Kutoka maombi hadi barua

Katika Mahakama ya Mwanzo, mwombaji hujaza Fomu Na. I na kuambatanisha cheti cha kifo na muhtasari wa kikao. Mahakama hutoa tangazo ili mwenye madai ajitokeze. Chukueni namba ya shauri na tarehe ya kusikilizwa, na warithi wote waambiwe, si wanaoelewana na mwombaji peke yao.

Mwenye pingamizi aliwasilishe mahakamani kabla ya uteuzi. Kununa nyumbani hakuzuii chochote. Pingamizi lenye nguvu linahusu sifa za mwombaji: ana deni kwa marehemu, ameanza kuuza mali, au ameficha warithi. Pasipo pingamizi, au likitupwa, mahakama hutoa barua ya usimamizi, yaani Fomu Na. IV. Asiyeridhika ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya.

Kazi ya msimamizi

Msimamizi ana kazi tatu, kwa mpangilio huu: kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa kinachobaki.

Kukusanya ni kupeleka barua benki, kwa mwajiri, SACCOS, VICOBA na kampuni ya simu. Mara nyingi fedha hupitia akaunti ya mahakama kabla ya kuwafikia warithi. Kwa nyumba yenye hati, jina la msimamizi huandikishwa kwanza kwa Msajili wa Hati akiwa msimamizi wa mirathi, kisha ndipo umiliki uhamie kwa mrithi au mnunuzi. Jina lake kuonekana kwenye hati hakumfanyi kuwa mmiliki. Kodi za wapangaji nazo ni mali ya mirathi, ziandikwe kila mwezi.

Deni la SACCOS lilipwe kabla ya mrithi yeyote kupewa chake. Anayegawa kwanza na kukumbuka madeni baadaye anaweza kudaiwa yeye binafsi. Mali iliyoandikwa majina ya mume na mke isihesabiwe yote kuwa ya marehemu. Mjane aeleze mapema mahakamani sehemu iliyo yake, akiwa na hati, risiti na mashahidi.

Nani apate nini

Tuseme baada ya madeni imebaki shilingi milioni 24. Kwa sheria ya Kiislamu, mjane mwenye watoto hupata thumuni, yaani milioni 3. Milioni 21 zinazobaki ni za watoto, wa kiume akipata mara mbili ya wa kike: milioni 14 kwa kijana na milioni 7 kwa binti.

Fundi huyo angekuwa Mkristo asiyefuata mila, ingetumika sheria ya mirathi ya India ya mwaka 1865, ambayo bado inatumika Bara. Mjane angepata theluthi moja na watoto theluthi mbili kwa usawa, yaani milioni 8 kila mmoja. Sheria ya kimila iliyotangazwa mwaka 1963 kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba ni kali zaidi: mjane hana fungu ikiwa wapo ndugu wa ukoo wa mume, na binti yuko daraja la chini la warithi. Mume anayetaka mkewe apate zaidi aandike wosia angali hai.

Kufunga jalada

Katika Mahakama ya Mwanzo, ndani ya miezi minne tangu ateuliwe, msimamizi anatakiwa kuwasilisha Fomu Na. V yenye orodha ya mali na madeni. Baadaye huleta Fomu Na. VI, ambayo ni hesabu ya alichopokea, alicholipa, alichouza na alivyogawa. Chini ya Sura ya 352, orodha ya mali hutolewa ndani ya miezi sita na hesabu ndani ya mwaka mmoja. Mahakama inaweza kuongeza muda kwa sababu ya msingi. Kila mrithi asaini alichopokea, kisha msimamizi aombe jalada lifungwe. Akishafunga, madaraka yake yamekwisha.

Kama wewe ni mrithi na miaka imepita bila kuona hesabu, usianze na ugomvi wa familia. Nenda masjala ya mahakama na namba ya shauri, uliza kama Fomu Na. V na Na. VI zimewasilishwa. Kama hazipo, andika barua ukiomba msimamizi aitwe kutoa hesabu. Akikaidi, omba uteuzi wake utenguliwe. Na wewe uliyeombwa kununua nyumba ya mirathi, dai barua ya usimamizi, ongea na warithi wenyewe, na thibitisha mahakamani kwamba jalada bado liko wazi kabla hujatoa hata shilingi moja.