Kumfunza Mwalimu Mpya Kuchagua Vyombo vya Kufundishia

Waalimu wapenzi, nanyi wazee wa shule mnaowapokea vijana watokao chuoni, mwezi huu na tujifunze pamoja jambo moja: jinsi ya kumwongoza mwalimu mpya achague kitabu na zana zifaazo, na kuzitumia vema.

Wengi hudhani kwamba kitabu kikiisha kuchapwa, kazi ya mwalimu ni kukisoma tu. Sivyo. Tangu mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilikipitia Kiswahili cha vitabu vya shule. Mwaka 1975 ikaanzishwa Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, ambayo tangu mwaka 1993 huitwa Taasisi ya Elimu Tanzania. Hata hivyo, mwaka 2013 Serikali iliivunja kamati iliyokuwa ikipitisha vitabu vya shule, baada ya malalamiko Bungeni juu ya vitabu vyenye makosa. Basi twaona ya kuwa muhuri peke yake hautoshi. Mlinzi wa mwisho ni mwalimu asimamaye mbele ya watoto. Maana mtoto huamini yaliyoandikwa, na kosa likiisha kuota mizizi ni kazi kubwa kuling'oa.

Kwa hiyo mwalimu mpya afundishwe kuuliza maswali manne. Tutwae mfano wa Rudewa, katika Wilaya ya Kilosa, mahali pa mashamba ya mkonge.

Kwanza: Je, ni kweli? Kitabu kikisema kwamba mkonge ni mmea wa asili wa nchi yetu, kimekosa. Asili yake ni Meksiko; Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893, na mashamba yakaanza kwa miche 62 iliyosalia hai.

Pili: Je, chapatana na somo? Singa za mkonge zafaa sana kufundishia vipimo vya urefu. Lakini zikitundikwa ukutani bila kazi, ni mapambo tu.

Tatu: Je, mtoto ataelewa? Kitabu kikieleza sehemu za jani kwa picha ya mti asioujua, mwalimu alete jani la mwembe, kisha arudi kwenye picha.

Nne: Je, ni salama? Jani bichi la mkonge lina mwiba nchani, na maji yake huwasha ngozi. Mwalimu alete singa kavu zilizooshwa, wala asiwatume watoto kukata majani shambani.

Chombo kikiisha kuchaguliwa, kitumiwe kwa utaratibu. Jioni kabla ya somo mwalimu asome ukurasa wote kwa sauti, apige mstari chini ya maneno magumu, tena afanye mwenyewe kila hesabu. Darasani awagawe watoto vikundi vidogo, kila kikundi na singa zake. Wakisie urefu kwanza, ndipo wapime kwa rula, waandike, na walinganishe. Kitabu kifunguliwe baadaye, kithibitishe yale ambayo mikono imekwisha kuyaona. Vitabu vikiwa haba, zoezi liandikwe ubaoni, ili yule aketiye nyuma asikose.

Mwalimu akiona kosa kitabuni, asilifiche wala asimcheke mwandishi. Amwonyeshe mwalimu mkuu, wasahihishe kila nakala kwa kalamu, na habari ipelekwe kwa Taasisi.

Wilaya ya Kilosa ina Chuo cha Ualimu Ilonga, lakini chuo hutoa mwanzo tu. Kujua hukua shuleni. Mwalimu wa siku nyingi aketi na mgeni wake mara moja kila juma, kitabu kikiwa wazi katikati yao. Asimpe majibu, amwulize maswali yale manne, amngoje afikiri.

Maswali ya kuzungumza:
1. Ni kitabu gani shuleni kwenu ambacho hakijapimwa kwa maswali haya?
2. Ni vitu gani vya kijijini, visivyo na gharama wala hatari, viwezavyo kufundishia hesabu?
3. Ni nani atakayeketi na mwalimu mpya juma hili?