Blogu Yako Inaweza Kukulipa, Lakini Pesa Itaingia kwa Mlango Upi?

Wateja wetu wanaoandika blogu hutuuliza swali moja kwa namna nyingi: "Nikianza kulipwa, hiyo pesa itanifikia aje kwenye simu?" Ni swali zuri, na linafaa kuulizwa mapema kuliko vile wengi wetu hufanya. Mtu hukaa miezi mitatu akichagua jina tamu na rangi za tovuti, halafu siku ya malipo ndiyo anagundua jina alilojaza halilingani na la akaunti yake ya benki, au barua aliyokuwa akiingoja ilipelekwa sanduku la posta la shule aliyomaliza kitambo.

Kwa hivyo leo tutaanza na pesa, tuache rangi za tovuti kando. Tuchukue mfano mmoja tuutumie mpaka mwisho: unaishi Nakuru, unafuga kuku wa kienyeji, na unaandika kwa Kiswahili kuhusu chanjo, chakula, magonjwa na bei za vifaranga. Kurasa zako zinafunguliwa mara 200 kwa siku. Si haba kwa blogu ya mtu mmoja.

Hesabu ya matangazo ya Google

Wengi wakisikia "kulipwa na blogu" wanafikiria Google AdSense, yale matangazo yanayojiweka yenyewe katikati ya makala. Kujiunga ni bure, na Kiswahili ni moja ya lugha zinazokubaliwa. Kuna mtu amekuambia umtumie Sh500 ndio "akaunti ya AdSense ifunguliwe"? Huyo anauza hewa. Usimtumie.

Sasa fanya hesabu. Kurasa 200 kwa siku ni kama 6,000 kwa mwezi. Tuseme unapata dola moja kwa kila kurasa 1,000. Unaweza kupata zaidi au chini ya hapo, inategemea wasomaji wako wako nchi gani na watangazaji wanapigania mada yako kiasi gani. Kwa makadirio haya, mwezi unakupa dola 6. Google hailipi mpaka ufikishe dola 100. Hiyo ni karibu miezi 17 ya kungoja, na kwa kiwango cha Sh130 kwa dola utapata Sh13,000 kabla benki haijakata ada ya kupokea pesa kutoka nje.

Sisemi usiweke matangazo. Nasema tu usiyafanye kuwa mpango wa kulipia kodi ya nyumba. Yaanze kukufanyia kazi polepole huku wewe ukitafuta pesa iliyo karibu.

Na tafadhali, yale makundi ya WhatsApp ya "nibofyie nikubofyie" yaache. Google huangalia mibofyo isiyo ya kweli, humrudishia mtangazaji pesa yake, na inaweza kuifunga akaunti yako ukiwa umefikisha dola 94. Kubofya matangazo yako mwenyewe ni makosa yale yale, hata kama ulikuwa "unajaribu tu kuona kama yanafanya kazi".

Ile barua

Hapa ndipo watu wengi hukwama. Salio lako likifika dola 10, Google hukutumia PIN ya kuthibitisha anwani yako. Haiji kwa SMS wala kwa barua pepe. Inakuja kwa barua ya karatasi, kupitia posta, na huchukua wiki mbili hadi nne, wakati mwingine zaidi. Usipoingiza hiyo PIN ndani ya miezi minne, matangazo yanaacha kuonekana kwenye blogu yako.

Wengi wetu wa rika hili hatuna sanduku la posta. Tumezoea kuelekeza rider wa boda: "ukifika kwa stage, uliza duka la blue." Posta haifanyi kazi hivyo. Kwa hivyo kabla hujajaza fomu, tafuta sanduku linalofunguliwa na mtu unayemfahamu: la mzazi, la kanisa, la ofisi unakofanya kazi. Andika namba ya sanduku, msimbo wa posta na mji vile vinavyoandikwa kwenye barua nyingine zinazofika hapo. Kisha mwambie mwenye sanduku kwamba kuna bahasha ndogo inakuja. Ni ndogo kweli, na ni rahisi kutupwa pamoja na karatasi za matangazo.

Jina nalo lazima liwe lile lililo kwenye kitambulisho na benki. Kama benki inakujua kwa majina matatu, usijaze "Kuku Bora Nakuru" kwenye sehemu ya mlipwaji.

Google hutoa malipo kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi, kwa mapato ya mwezi uliotangulia, ukiwa umepita dola 100. Yanaingia benki, halafu kutoka benki unayahamisha hadi kwenye simu kama kawaida. Ukifanya kazi na mteja wa nje anayelipa kwa PayPal, njia ni fupi zaidi: tangu 2018 inawezekana kutoa pesa ya PayPal moja kwa moja hadi M-Pesa. Angalia tu kiwango cha kubadilisha dola unachopewa kabla ya kubonyeza kukubali, maana sehemu ya gharama hujificha hapo hata kama ada inaonekana ndogo.

Pesa iliyo karibu: kampuni na maduka

Rudi kwa kuku wetu. Nani anataka kufikia watu wanaosoma kuhusu chanjo ya kuku? Anayeuza chanjo. Anayeuza chakula cha kuku, anayetengeneza mashine za kutotolea mayai, na yule wa vifaranga kule Naivasha. Hawa hawahitaji blogu yenye wasomaji milioni moja. Wanahitaji watu 200 kwa siku ambao kweli wana kuku.

Ndiyo maana blogu ndogo yenye mada moja inaweza kumshinda yule anayeandika leo siasa, kesho mapenzi, kesho kutwa Ligi Kuu ya Uingereza. Kaluhi's Kitchen ilijulikana kwa mapishi, na kampuni zenye bidhaa za jikoni zikajua pa kwenda. Jackson Biko, yaani Biko Zulu, amezoesha wasomaji wake kungoja hadithi ya Jumanne, na kutokana na jina alilojenga ameweza kuuza vitabu na kuendesha mafunzo ya uandishi. Ukiwaangalia wote wawili, msomaji anajua atapata nini akija. Mtu wa mauzo kwenye kampuni naye anajua, na huyo ndiye mwenye bajeti.

Mwandikie barua fupi. Blogu inahusu nini, inasomwa mara ngapi kwa mwezi (weka picha ya takwimu, usiongeze sufuri), wasomaji wengi wako kaunti gani, na unatoza kiasi gani kwa makala moja au kwa tangazo la mwezi mzima. Bei uitaje. Ukisema "tutaelewana", utaelewana kwa Sh1,000 na kifuko cha chakula cha kuku.

Mkishaelewana, omba nusu ya malipo kabla ya kuandika. Kampuni kubwa zinaweza kukuambia malipo hutoka baada ya siku 30, 60 au hata 90, na hilo kwao ni kawaida. Kwako wewe unayelipia bando ni shida. Kama hawatoi nusu mwanzoni, uliza tarehe ya malipo na uipate kwa maandishi, pamoja na LPO au barua pepe inayosema kazi ni gani na bei ni ngapi. Makubaliano ya simu husahaulika haraka sana, hasa mtu wa mauzo mliyeongea naye akihama kampuni.

Na kwenye makala yenyewe, mwambie msomaji kwamba umelipwa. Mstari mmoja juu unatosha. Mfugaji akinunua dawa kwa sababu wewe uliisifu, halafu kuku wakafa na agundue baadaye ulikuwa umelipwa kimya kimya, harudi. Wengine mia hawatarudi pamoja naye.

Kuna pia viungo vya kamisheni: unaweka kiungo cha bidhaa, mtu akinunua kupitia hapo unapata asilimia kidogo. Angalia tu kama wasomaji wako wanaweza kununua hapo. Mpango wa Amazon, kwa mfano, hufunga akaunti isiyoleta angalau mauzo matatu ndani ya siku 180, na mfugaji wa Molo haagizi kikombe cha maji ya kuku kutoka Marekani.

Kuuza kitu chako mwenyewe

Kwa maoni yangu hii ndiyo njia inayodharauliwa zaidi. Umeandika makala 40 kuhusu kuku. Zipange ziwe mwongozo mmoja wa PDF: ratiba ya chanjo kuanzia siku ya kwanza, vipimo vya banda, hesabu ya chakula kwa kuku 50. Uuze Sh200. Watu 15 tu kwa mwezi ni Sh3,000, ukilinganisha na zile dola 6 ambazo ni Sh780, tena usizoweza kuzigusa kwa mwaka na zaidi.

Malipo hapa ni ya simu, na yanakufikia muda huo huo. Lakini tafadhali usiandike namba yako ya kibinafsi chini ya kila makala. Kwanza, utapigiwa simu saa tano usiku na mtu anayetaka kujua kwa nini jogoo wake anakohoa. Pili, pesa ya blogu itachanganyika na ya unga na nauli, na mwisho wa mwezi hutajua kama blogu inaleta faida au inakula. Chukua Till, au Pochi la Biashara kama bado ni biashara ndogo. Ukiwa na Till, mnunuzi huona jina la biashara anapolipa, na hilo humpa imani.

Jambo moja ambalo limewaumiza wauzaji wengi: SMS ya malipo si malipo. Mtu anaweza kukutumia ujumbe unaofanana kabisa na ule wa M-Pesa, halafu baada ya dakika mbili anapiga: "Boss, nimetuma elfu mbili badala ya mia mbili, nirudishie elfu moja na mia nane." Usijibu kwa haraka. Angalia salio lako, si ujumbe. Kama pesa haikuingia, hauna cha kurudisha. Na kama iliingia kweli kwa makosa, mwambie afuate utaratibu rasmi: kwa M-Pesa, anatuma ule ujumbe wa muamala kwa 456 na pesa inarudishwa na mtandao wenyewe. Ujumbe wa ulaghai upeleke 333, bure. Na kwa yeyote, hata anayejiita mfanyakazi wetu, PIN yako haiulizwi.

KRA nayo

Sheria ya Fedha ya 2023 ilitaja wazi mapato ya maudhui ya mtandaoni: matangazo, ufadhili wa kampuni, kamisheni, hata malipo ya wanachama. Kampuni ya Kenya ikikulipa kwa hiyo kazi, inafaa kukata asilimia 5 na kuipeleka KRA ikiwa wewe ni mkaazi wa Kenya. Kwa hivyo ukitoza Sh20,000, usishtuke ukipata Sh19,000. Ile Sh1,000 haikuibwa. Hakikisha umepata cheti chake kwenye iTax, kwa sababu unaihesabu kama ushuru uliokwisha kulipa unapojaza ritani kabla ya Juni 30. Bila cheti, umeipoteza hivi hivi.

Pia kampuni nyingi siku hizi zitakuomba ankara, yaani ile invoisi, ya eTIMS. Tangu Januari 2024 matumizi yasiyo na ankara ya aina hiyo huwapa shida kwenye hesabu zao za ushuru, kwa hivyo mhasibu ataishikilia pesa yako mpaka uilete. Jisajili mapema, kabla ya kupata mteja wa kwanza. Kuna njia nyepesi ya watu wadogo, hata ya kutumia simu ya kawaida kwa kubonyeza *222#.

Kama unakusanya namba za simu au barua pepe za wasomaji ili uwatumie makala mpya, jua kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu. Waulize kwanza, waambie utawatumia nini, na wakitaka kutoka waache watoke. Kuuza hiyo orodha kwa mtu wa mikopo ya simu, hapana.

Gharama ya mwisho ni ndogo lakini ndiyo husahaulika. Unaweza kuanza bure kwa Blogger na ukae hapo hata mwaka mzima. Siku utakapotaka jina lako mwenyewe la .co.ke, utalilipia kila mwaka, kwa kawaida kama Sh1,000 hivi, na lisipolipiwa kwa wakati linaweza kuchukuliwa na mtu mwingine pamoja na wasomaji wote waliokuwa wakikutafuta kwa jina hilo. Weka Sh100 kando kila mwezi kutoka kwa mauzo ya PDF, na uandike tarehe ya kulipia kwenye kalenda ya simu, wiki mbili kabla.