SOMO LETU: KUKU ATAMIAYE



Mara hii somo letu halikutoka shambani bali uani, tena si uani kwetu. Mwaka jana, tulipokwisha kuanika karafuu za mwisho, tulikwenda bara kuwazuru jamaa zetu walioko Ruanda, katika Wilaya ya Mbozi. Nchi ile ni ya juu na ina baridi. Zamani ilikuwa katika Mkoa wa Mbeya. Tangu mwaka 2016 imo katika Mkoa wa Songwe, ambao mji wake wa mpakani ni Tunduma. Huko karafuu huonekana ndani ya chungu cha pilau tu; watu hulima kahawa, mahindi na maharage.

Siku tuliyofika, bibi mwenye nyumba alikuwa akimwekea kuku wake mayai 10 katika kikapu kikuukuu, nyuma ya jiko. Baridi ya asubuhi ilitukalisha karibu na moto, basi ikawa kila siku twamtazama kuku yule. Mwanzo tulimcheka. Tukasema, "Bibi, kuku wako anajua kustarehe. Kazi yake kukaa tu."

Bibi akajibu, "Mtazameni vizuri, wanangu. Huyo yuko kazini."

Tukamtazama vizuri. Kwa siku aliinuka mara moja, akala, akanywa, akaoga vumbi, kisha akarudi mbio kabla mayai hayajapoa. Na akiwa juu ya mayai hakutulia. Mara kwa mara aliyageuza kwa mdomo; ya pembeni akayavuta kati, na ya kati yakaenda pembeni. Sababu yake ni hii: yai lisipogeuzwa, kifaranga mchanga huweza kugandana na utando wa ndani akafa, na yai likaalo pembeni siku zote hukosa joto.

Siku ya 21 vifaranga wakaanza kutoka. Mmoja alitoboa ganda, kisha akanyamaza kwa saa nyingi. Tukamhurumia, tukanyosha mkono tumbanduliye ganda. Bibi akatuzuia: "Mwacheni. Mkimtoa mapema mtamuua." Ni kweli, maana saa hizo mishipa ya damu iliyo ndani ya ganda huwa bado haijakauka, na kiini hakijamalizika kuingia tumboni mwake. Asubuhi tulimkuta ametoka mwenyewe, yuko chini ya bawa la mama yake. Mayai mawili yalikuwa viza; vifaranga wanane wakaishi.

Hapo ndipo tulipoikumbuka aibu yetu, nasi twaieleza hapa ili mwenzetu asiirudie.

Miaka michache kabla ya safari ile tulipewa na jirani miche 30 ya mikarafuu. Tukaipanda wakati wa masika, tukasema, "Subira yavuta heri," kisha tukarudi mjini kwenye shughuli zetu. Kiangazi kikaja. Miche haikuwa na kivuli, haikupata maji, na majani yakaifunika. Tuliporudi tulikuta minne tu. Mbaya zaidi, tuliwaambia watu kwamba jirani ametupa miche mibovu. Haikuwa mibovu. Sisi tulikuwa tumeondoka juu ya mayai.

Ndugu zetu, mkarafuu si mti wa haraka. Huchukua miaka sita au zaidi kabla ya kuanza kuzaa, na miaka mingi tena kabla ya kuzaa sawasawa. Kwa hiyo sisi wakulima wa karafuu twapenda sana kutaja subira. Lakini subira ya kuku ni kazi ndogo ifanywayo kila siku, na ile yetu ilikuwa usahaulifu tuliouvika jina zuri. Wazee wetu walijua tofauti hiyo. Tufani ya mwaka 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Waliopanda upya hawakupata faida kwa kungoja peke yake. Walipanda, wakapalilia, wakatunza, ndipo wakangoja.

Na kama kuna saa ya kugeuza, kuna na saa ya kuzuia mkono. Karafuu ikichumwa kabla haijajaa, hukauka ikawa nyepesi, imesinyaa. Ikiachwa mpaka ikafunua ua, thamani yake imepungua. Mwenye kulijua shamba lake hujua ni siku ipi ya kuacha na ipi ya kupanda mtini.

Basi mwanachama aliyepanda miche mwaka huu na ajiulize mambo matatu. Mara ya mwisho niliikagua lini? Kiangazi kijacho kivuli chake kitatoka wapi, na maji atayaleta nani? Nikiwa safarini, nani atakaa mahali pangu? Asiyeweza kujibu na apande michache anayoiweza. Kuku naye akiwekewa mayai kuliko upana wa mabawa yake, huyaharibu yote.

Tuliporudi kutoka Ruanda tulikwenda kwanza kwa jirani yetu, tukamwomba radhi mbele ya wale wale tuliowaambia maneno yetu. Alicheka, akatupa miche mingine. Mara hii tulichukua 10 tu, na kila mmoja tumeufunika kwa makuti.

Wabillahi tawfiki.