Pasi Ndefu Ilivyonikausha Sauti: Somo Nililolipata Field ya Mikumi

Ndugu msomaji, hasa wewe mwalimu tarajali unayejiandaa kwenda mazoezi ya kufundisha, makala hii ni yako. Mimi si daktari. Ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa elimu, masomo yangu ya kufundishia ni Kiswahili na Historia, na mwaka jana nilipoteza sauti katikati ya field. Nilichojifunza nilikilipia kwa maumivu, wewe nakupa bure.

Kwetu ni Kilosa mjini. Nilipopangiwa shule ya sekondari upande wa Mikumi, nyumbani walifurahi maana ni wilaya ileile, unapita Ulaya tu umefika. (Kwa wageni: Ulaya ni kata iliyopo katikati ya Kilosa na Mikumi. Ndiyo, mimi Ulaya nimefika mara nyingi na sijawahi kuwa na pasipoti.) Shule ipo karibu na barabara kuu iendayo Iringa, Mbeya hadi Zambia, malori yanapita kutwa nzima. Kidato cha Pili nilichopewa kilikuwa na wanafunzi 87 katika chumba kimoja. Ili wa nyuma asikie, ilibidi nishindane na lori.

Wiki mbili za kwanza nilishinda. Ya tatu mambo yakaanza kuharibika.

Dalili nilizozipuuza

Nilianza kuamka na sauti nzito kama ya baba, na mdomoni ladha chungu. Nikawa nakohoakohoa kusafisha koo kila baada ya sentensi mbili. Nilihisi kama punje ya wali imekwama kooni, nameza mate haishuki, nakunywa maji haishuki. Ikifika mchana koo linauma mpaka sikioni. Mafua sina, homa sina. Nikajiambia ni vumbi la chaki.

Wiki ya nne, nikiwa nafundisha ngeli za nomino, sauti ikakatika kabisa. Kijana mmoja wa nyuma akasema kwa upole, "Madam, hatusikii." Nikarudia. Akasema tena, "Madam, bado."

Hapa chuoni tulisoma kwenye fonetiki kwamba sauti ghuna hutokea nyuzisauti zinapotetema. Nilikariri vizuri tu na mtihani nikafaulu. Siku ile nikisema "dada", wanafunzi wanasikia "tata". Nilikuwa mfano hai wa kitu ambacho sikuwahi kukifikiria kama sehemu ya mwili wangu. Na msimamizi kutoka chuoni alikuwa anatarajiwa wiki mbili zijazo kuja kunitathmini. Usiku ule nililia. Niliwaza kwamba labda kazi hii siiwezi.

Tiba za mtaani

Kwanza nilikwenda duka la dawa, nikanunua antibiotiki bila kupimwa, nikameza siku tatu nikaacha. Hilo ni kosa. Kama tatizo halikusababishwa na bakteria, antibiotiki haitibu kitu, na dozi ya kukatisha huwapa bakteria wengine mwilini nafasi ya kuzoea dawa.

Pili, mama mwenye nyumba alinihurumia, akanichemshia tangawizi kali na kunikamulia ndimu na chumvi, asubuhi na usiku kabla ya kulala. Nilikunywa kwa shukrani. Koo likazidi kuwaka. Katikati nikawa namung'unya pipi za mnanaa mchana kutwa.

Tatu, Ijumaa nilirudi Kilosa. Bibi alinisikiliza, akaomba nifungue mdomo, akatikisa kichwa.

"Mjukuu wangu, hicho ni kimeo kimerefuka. Yuko mzee anakata, dakika moja tu, kesho unaongea."

Wengi wetu tumekulia kwenye nyumba ambazo kikohozi kisichoisha kinaambiwa ni kimeo. Bibi hakuwa na nia mbaya, na wanawe wawili walikatwa. Lakini kimeo hakitengenezi sauti. Kipo nyuma ya kinywa, nyuzisauti zipo chini zaidi, ndani ya zoloto. Kukikata kwa kifaa kisicho safi kunaweza kuleta damu isiyokatika, maambukizi au pepopunda, na chanzo cha ugonjwa kikabaki palepale. Mama akasema, "Mama, shikamoo tena, naomba tumpeleke hospitali kwanza." Bibi akanyamaza kidogo. "Marahaba. Nendeni. Wakishindwa mtarudi kwangu."

Swali ambalo sikulitegemea

Tabibu aliniangalia koo, akanipima, kisha akauliza: "Unakula saa ngapi? Na unalala saa ngapi?"

Nikamweleza ukweli. Asubuhi chai ya rangi na andazi moja. Mchana sili. Jioni naandaa andalio la somo na kusahihisha madaftari, na saa tatu usiku natoka barabarani kwa wauza chips wanaohudumia madereva wa malori. Chips mayai sahani iliyojaa, pilipili na soda baridi. Saa nne nimeshalala. Wenzangu mnaijua hii: ni pasi ndefu. Pesa haitoshi milo mitatu, kwa hiyo unaruka mchana na kupiga mlo mmoja mzito usiku.

Akacheka kidogo, akasema hata yeye aliipiga alipokuwa chuo. Kisha akaniandikia rufaa kwenda Morogoro kwa daktari wa masikio, pua na koo. Yule alipitisha kamera nyembamba puani mpaka kwenye zoloto. Majibu: nyuma ya zoloto pamevimba na kuwa pekundu, kingo za nyuzisauti zimevimba, lakini hakuna vinundu wala uvimbe. Akasema mambo mawili yamekutana: napiga kelele mchana, na usiku tindikali ya tumbo inapanda kuchoma palepale nilipojiumiza.

Nikamwambia, "Lakini daktari, mimi sina kiungulia." Akajibu kwamba wengi wa namna yangu hawana.

Inavyotokea

Chakula hushuka tumboni kupitia umio, bomba la misuli lenye urefu wa sentimita kama 25 kwa mtu mzima. Linapoingia tumboni kuna msuli wa mviringo unaojifunga kama mdomo wa mfuko wa kamba. Tumbo likijaa kupita kiasi, au ukilala chakula hakijashuka, msuli huo unaweza kulegea na tindikali ikarudi juu. Mafuta mengi, kahawa, pombe, sigara na mnanaa navyo huweza kuulegeza. Soda huongeza gesi, na ukicheua, gesi haitoki peke yake.

Tindikali ya tumbo ni kali kama ya ndimu au kuzidi. Umio una namna ya kujikinga: unajikunja kuisukuma chini, na mate yanaiosha. Zoloto halina kinga ya kiasi hicho. Tone dogo tu lililochanganyika na pepsini, kile kimeng'enya kinachosaga nyama tumboni, linatosha kulichubua. Ukiwa umelala mate hupungua, na mwili ukiwa bapa hakuna mteremko wa kurudisha tindikali chini. Ndiyo maana asubuhi sauti huwa mbaya zaidi.

Sasa fikiria kazi ya nyuzisauti. Kwa mwanamke hutetema kama mara 200 kwa sekunde, kwa mwanaume zaidi ya mara 100. Kipindi kimoja cha dakika 40 ni migongano mamia ya maelfu. Ukigonganisha hivyo ngozi iliyokwisha kuchubuka, itavimba, na ikivimba haitetemi sawasawa.

Lakini tahadhari: si kila koo linalouma ni tindikali, na si kila anayeshukiwa apewe vidonge vyake. Mwaka 2021 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha utafiti wa Uingereza wa watu 346 wenye dalili za koo za muda mrefu. Nusu walipewa lansoprazole, dawa ya kupunguza tindikali, na nusu vidonge bandia, kwa wiki 16. Makundi yote mawili yalipata nafuu karibu sawa. Maana yake, usikimbilie kununua omeprazole kwa miezi kwa sababu tu umesoma makala yangu. Mimi niliandikiwa ya wiki chache, nimeze nusu saa kabla ya kula, lakini daktari alisisitiza kwamba kazi kubwa ni yangu mwenyewe.

Niliyobadilisha, kwa bajeti ya mwanachuo

1. *Mlo wa mwisho saa kumi na mbili na nusu jioni, kulala saa nne.* Lengo ni saa tatu kati ya kula na kulala. Sikuongeza pesa, nilihamisha tu muda. Pesa ya chips mayai nikaigawa: wali maharage mchana pale kwa mama lishe, jioni ndizi za kuchemsha au ugali kidogo na mchicha.

2. *Kuinua kichwa cha kitanda.* Niliweka tofali chini ya miguu ya upande wa kichwani, kiasi cha sentimita 15 hadi 20. Mito mingi haisaidii, inakukunja tumbo tu. Kwa ninyi wa hosteli wenye vitanda vya deka, msiweke tofali, mtaangushana. Ingiza begi la nguo chini ya godoro ili kuanzia mgongoni kuwe na mteremko.

3. *Kulalia ubavu wa kushoto.* Tumbo lilivyokaa, ukilalia kushoto mlango wake unakuwa juu ya tindikali.

4. *Kuacha ndimu, pilipili, soda na pipi za mnanaa* mpaka koo lipone. Maji ya kawaida, kidogokidogo, mchana kutwa.

5. *Kutofunga mkanda au kanga kwa kubana kiunoni*, hasa baada ya kula.

6. *Kutonong'ona.* Nilidhani kunong'ona ni kupumzisha sauti. Kumbe wengi tukinong'ona tunakaza koo zaidi. Ongea taratibu kwa sauti ya chini, au nyamaza kabisa. Na badala ya kukohoa kusafisha koo, meza mate au maji.

Siku ya msimamizi

Niliambiwa ninyamaze wiki nzima. Mwalimu mwenyeji wangu alinishikia vipindi siku tatu, nikarudi nikiwa na robo ya sauti. Msimamizi akaja siku hiyohiyo.

Maswali yote nilikuwa nimeyaandika ubaoni kabla ya kipindi. Niligawa darasa makundi kumi na nne, kila kundi na kiongozi wake. Makofi mawili maana yake kimya, matatu maana yake badilishaneni karatasi. Nikasimama katikati ya darasa, si mbele, na sikuongea nikiwa nimewapa mgongo. Lori likipita, nasubiri lipite. Dakika 40 nzima nadhani niliongea sita. Yule kijana wa nyuma aliyeniambia hawasikii ndiye aliyewafafanulia wenzake ngeli ya LI-YA, na alieleza vizuri kuliko mimi.

Msimamizi aliandika kwamba ushirikishaji ni mzuri. Pia aliandika kwamba hitimisho langu halikusikika, na alikuwa sahihi. Sikupata alama ya juu. Nilifaulu.

Usisubiri haya

Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu au nne, nenda ukaangaliwe zoloto. Nenda mapema zaidi kama unameza kwa shida, unatema damu, unapungua uzito, unapumua kwa taabu au una uvimbe shingoni. Ukikohoa wiki mbili au zaidi, pima kifua kikuu. Nacho huweza kukaa kwenye zoloto na kuondoa sauti, na matibabu yake nchini kwetu ni bure.

Ombi langu

Chuoni tunafundishwa azimio la kazi, andalio la somo, zana na upimaji. Katika miaka yote mitatu sikumbuki saa hata moja ya kufundishwa namna ya kutumia sauti, zana ambayo kila mwalimu anaingia nayo darasani. Naiomba Wizara ya Elimu na Wizara ya Afya za serikali yetu ya wanafunzi zikae na kitivo, katika wiki ya maandalizi ya field tupate nusu siku ya somo hilo. Na Waziri wa Mikopo asaidie kufuatilia pesa ya field itoke kabla hatujaondoka. Pasi ndefu hatuipigi kwa kupenda.

Mimi bado sijapona kabisa. Nikila usiku kwenye sherehe, kesho yake sauti inanikumbusha. Bibi kila nikimpigia simu anataka nimsalimie kwa sauti kubwa ili ahakikishe. Likizo iliyopita alimwambia jirani kwamba mjukuu wake alipona kwa kula mapema, na kwamba kimeo kingesubiri. Nimeridhika na hapo.

Basi wewe unayekwenda Julai, kabla hujapanga begi, panga kwanza utakula saa ngapi. Kila la heri darasani.