Karo au Ploti? Kupima Gharama ya Elimu na ya Ardhi

Utangulizi

Katika jamii nyingi za Kenya, mzazi aliyeuza kipande cha shamba ili mwanawe asome husifiwa kuwa ameona mbali. Siku hizi sifa hiyo inatiliwa shaka. Wapo wahitimu wanaokaa miaka bila ajira, ilhali bei ya ploti kandokando ya miji hupanda mbele ya macho yao. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mambo haya mawili aghalabu hupimwa kwa mizani isiyo sawa.

Gharama zisizoonekana

Chukulia familia inayolipia shahada ya miaka minne kwa shilingi 120,000 kila mwaka. Jumla ni shilingi 480,000. Hata hivyo, iwapo kijana huyo angepata kibarua cha shilingi 10,000 kwa mwezi, basi amekosa shilingi 480,000 nyingine. Gharama halisi ni shilingi 960,000. Shahada ikimwongezea kipato cha shilingi 20,000 kwa mwezi, itajilipa baada ya miezi 48 ya kazi. Akikosa kazi miaka mitatu, hesabu hiyo haijaanza.

Ploti nayo ina gharama zake. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani ya ardhi mijini na asilimia 2 mashambani. Ploti ya mjini ya shilingi 900,000 hudai ushuru wa shilingi 36,000 kabla ya malipo ya wakili na mpima ardhi. Isitoshe, ploti isiyojengwa haina mpangaji wa kulipa kodi. Faida yake humngoja mnunuzi.

Tofauti za kimsingi

Ardhi hurithishwa, huuzwa na huwekwa rehani. Lakini mlaghai aweza kuiuza mara mbili, na mnada waweza kuitwaa. Elimu haiuziki wala hairithishwi, lakini hakuna dalali awezaye kuinadi. Aidha, elimu ina mkopo wake. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa mwaka 1995, huwatoza wanafunzi wa shahada ya kwanza riba ya asilimia 4 kwa mwaka, bila kudai hatimiliki ya shamba. Ingawa mkopo huo hautoshelezi mahitaji yote, yafaa utafutwe kabla ya shamba kutafutiwa mnunuzi.

Hitimisho

Mwenye akiba ya ziada huchagua kati ya faida mbili. Anayeuza shamba la pekee hachagui faida. Huchukua chakula na makao ya watoto wote akamsomesha mmoja. Ndugu waliobaki nyumbani wamemkopesha msomi huyo urithi wao, na deni hilo halikuandikwa popote. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya shamba kuuzwa, familia nzima yapaswa kuketi na kukubaliana ni nani atalipwa nini, na lini.