Nani Alinyimwa Mvua?

Mwaka juzi nilichapisha riwaya yangu ya kwanza ya fantasia. Inahusu binti wa mchemsha chumvi katika mji ambao mfalme wake ana ngoma ya kuita mvua, naye huwauzia watu mvua hiyo kwa kodi. Binti anaiiba ngoma, mfalme anauawa, watu wanapata mvua bure. Kaka yake binti anafia langoni vita vikikaribia kwisha. Wasomaji wamekipenda kitabu kuliko nilivyotarajia, na mchapishaji anataka mwendelezo ifikapo mwezi wa kumi. Nimejaza madaftari matatu: ramani za falme saba za mashariki, nasaba za watawala, kalenda zao, mpaka sarafu. Lakini kila nikianza sura ya kwanza inanifia mkononi. Wasomaji wananiandikia nimfufue kaka. Dada yangu amesoma kurasa chache nilizonazo, anasema binti nimemharibu, amekuwa mkali na mwongo. Silali vizuri. Nimeanza kuamini kuwa kitabu cha kwanza kilikuwa bahati tu. Nifanyeje?

Mwandishi aliyekwama, Morogoro

Pole, mwanangu. Barua yako nimeirudia mara kadhaa, na kila mara nimesimama palepale, kwenye ile ngoma. Nitakuambia sababu, lakini tuanze na hilo la bahati linalokunyima usingizi. Bahati inaweza kumpa mtu wazo zuri. Haimkalishi kitako mpaka riwaya nzima ikaisha. Uliyafanya hayo wewe, kwa akili yako na kwa subira yako, na bado unavyo vyote viwili. Kilichobadilika ni aina ya kazi.

J.R.R. Tolkien alipotoa The Hobbit mwezi Septemba 1937, mchapishaji wake alimtaka mwendelezo karibu papo hapo, na Desemba ya mwaka uleule akaanza kuuandika. Alianza na sherehe ya siku ya kuzaliwa, asijue inampeleka wapi. Yule mtu wa porini ambaye baadaye tunamjua kama Aragorn, mrithi wa ufalme, katika rasimu za awali alikuwa hobiti, mmoja wa wale watu wafupi wa Tolkien, aliyevaa viatu vya mbao. Tolkien alipoifikisha hadithi ndani ya mapango ya Moria, kwenye kaburi la mhusika Balin, kalamu ilisimama karibu mwaka mzima. Mwendelezo huo, The Lord of the Rings, ulianza kutoka mwaka 1954. Sikuelezi haya ili ujipe miaka kumi na saba. Nakueleza kwa sababu ya namna alivyopata njia: aligeukia kitabu cha kwanza na kukichungulia kitu kidogo alichokuwa amekipita haraka, ile pete. Mwaka 1937 pete ilikuwa kifaa cha mtu kutoonekana, basi. Katika toleo la mwanzo Gollum, kiumbe aliyekuwa na pete hiyo, alikuwa tayari hata kuitoa kama zawadi kwa atakayemshinda kwa vitendawili. Tolkien alipoanza kujiuliza pete ile ilitoka wapi na inamfanya nini anayeivaa, kitabu cha pili kikapata uti wa mgongo, na toleo jipya la The Hobbit la mwaka 1951 likatoka na sura ile ya vitendawili ikiwa imeandikwa upya ili Gollum asikubali tena kuachana na pete.

Kwako wewe, pete ni ngoma.

Niambie, mvua inayonyesha mjini kwako imetoka wapi? Kitabu cha kwanza hakikuhitaji kuuliza. Mfalme alikuwa mwovu, watu walikuwa na kiu, na msomaji alitaka ngoma ibadilishe mikono. Lakini sasa mfalme amekufa na ngoma iko kwa binti mwenye huruma. Zamani ilipigwa mara chache kwa mwaka, kwa kuwa wenye fedha ya kununua mvua walikuwa wachache. Yeye ameifanya bure, na kila mwenye shamba anakuja kuomba, kwa hiyo inapigwa bila kupumzika. Mawingu yale yalikuwa njiani kwenda mahali. Kuna kijiji huko mashariki, katika mojawapo ya falme zako saba, ambako mwaka wa pili huu mtama umekauka ungali mchanga, na hakuna anayejua kwa nini. Haki aliyoitenda binti ndiyo iliyowaletea ukame.

Ukilikubali hilo, madaftari yako yataanza kufanya kazi. Falme saba ni nyingi mno kwa sasa. Chukua mmoja, na ndani yake kisima kimoja. Nani ana haki ya kuchota kwanza? Zamani ilikuwa wazee, au wajawazito, na sasa mwenye rungu amejitangaza msimamizi. Arusi ngapi zimeahirishwa kwa sababu mahari ilikuwa ng'ombe na ng'ombe wamekufa? Zile sarafu ulizozichora kwa uangalifu zinanunua nini leo ambacho mwaka jana zingenunua mara tatu? Kalenda yao bila shaka ina mwezi wa masika. Watauitaje mwezi huo masika yasipokuja, na kuhani aliyetangaza kuwa yanakuja atafanywa nini? Msomaji atauamini ufalme wako akiona sheria zake zikimbana mtu mwenye kiu, hata kama hajaiona ramani.

Na usiishie mashariki. Baba yake binti ni mchemsha chumvi. Kule Uvinza, mkoani Kigoma, watu wamechemsha maji ya chemchemi za chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja, na kwa karne nyingi kazi hiyo ilikuwa ya kiangazi, kwa sababu mvua huyazimua maji ya chumvi na mafuriko huzifunika chemchemi. Kuni nazo zikilowa hazichemshi kitu. Sasa fikiria nyumbani kwa shujaa wako. Amewapa watu mvua bila kipimo, na baba yake anakaa mbele ya jiko lililozimika, anamtazama mwanawe akishangiliwa na mji. Hatamlaumu, maana ni mtawala na ni mtoto wake. Ataomba tu, kwa sauti ya kawaida, kama ngoma haiwezi kupumzishwa wiki mbili. Mandhari hayo umeyajenga mwenyewe katika kitabu cha kwanza. Hukuwa umeona yanakudai nini.

Hapo ndipo ninapomjia dada yako, ambaye namheshimu sana kwa kukuambia alichokiona. Amesema binti amekuwa mkali na mwongo. Mimi naamini kalamu yako ilikuwa imenusa jambo kabla akili haijalifikia. Huyu msichana amejua. Msafara wa chumvi umerudi kutoka mashariki na habari, amezisikia usiku akiwa peke yake, na asubuhi yake akauambia mji kwamba wasafiri hawakuleta lolote. Mji unampenda kwa sababu ya mvua, na kaka yake alikufa kwa ajili ya ngoma hii, sasa atasimamaje hadharani kusema kwamba inaua? Mkali ni mtu anayeogopa kuulizwa. Ukituonyesha usiku ule, dada yako hatasema umemharibu. Atamlilia. Kosa la kurasa zako ni kwamba umetupa uongo ukatuficha kinachomfanya aongope, na msomaji aliyempenda mhusika ana haki ya kupewa sababu.

Tena huna lazima ya kumweka yeye katikati. Ursula K. Le Guin aliandika A Wizard of Earthsea mwaka 1968, kisa cha mchawi kijana Ged. Cha pili, The Tombs of Atuan cha mwaka 1971, alikianza mbali kabisa, kwa msichana Tenar aliyechukuliwa akiwa mtoto ili awe kuhani wa makaburi. Ged haonekani mpaka kitabu kimekwenda sana, na anapoonekana ni mwizi gizani, anayetazamwa na msichana ambaye kazi yake ni kumwua. Tunayemjua tunamwona upya kwa macho ya asiyemjua. Marlon James alikwenda mbali zaidi. Black Leopard, Red Wolf ya mwaka 2019 inasimuliwa na mwanamume mmoja, na katika Moon Witch, Spider King ya mwaka 2022 mwanamke ambaye yule bwana alimchora vibaya anasimulia upande wake wa mambo, na maisha yake marefu kabla ya hapo. Vitabu hivyo vina ukatili mwingi, sikushauri uvifungue usiku. Lakini jaribu hili: sura yako ya kwanza mpe mwanamke wa kisimani huko mashariki. Kwake yeye binti wa mchemsha chumvi ni jina la adui tu. Apange safari ya kwenda kuivunja ngoma, na awe mtu mwema. Ukiwa na watu wawili wema ambao hawawezi kushinda wote, sura haitakufa mkononi mwako.

Usiwaze kwamba jambo hili ni la wanaoandika kwa Kiingereza peke yao. Shaaban Robert alituandikia Kusadikika mwaka 1951, nchi inayoelea angani. Ungetegemea atumie kurasa nyingi kutueleza inavyoelea. Badala yake alitupeleka mahakamani. Karama ameshtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria, na katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kila upande, hata mbinguni na ardhini, wakarudi na maarifa, wakatiwa gerezani. Nchi nzima tunaijua kwa namna inavyowatenda waliorudi na habari isiyotakiwa. Kisome tena kabla hujaandika sura ya ule msafara wa chumvi. Kisha, ukiwa na nafasi, soma Nagona ya Euphrase Kezilahabi na baada yake Mzingile, uone jinsi kitabu kinavyoweza kukifuata kingine kwa kuyabeba maswali yake bila kurudia msuko wake.

Sasa kaka. Najua hili ndilo linalokuuma, kwa sababu wanaokuandikia wanakuandikia kwa mapenzi. Usimfufue. Mtu atakukumbusha kwamba Gandalf, yule mchawi wa Tolkien, alianguka Moria na akarudi, na ni kweli, ila alirudi amebadilika, akiwa na kazi ambayo yule wa mwanzo asingeiweza, na msomaji anaona kwamba kurudi kwake si zawadi kwa wanaompenda. Kaka wa kitabu chako ni kijana wa kawaida aliyeshika lango. Kifo chake ndicho kilichoipa ngoma thamani machoni pa dada yake, na ndicho kinachomzuia sasa kuiachia. Ukimrudisha, unaufuta mgogoro wa kitabu chote. Wasomaji wanaomlilia wape kitu kingine: wape nafasi aliyoiacha. Sahani ambayo mama bado anaipanga. Rafiki aliyekuwa naye langoni na akapona, ambaye binti hawezi kumtazama usoni. Mjane, kama alikuwa na mke, anayeulizwa na wazee kama ataolewa ndani ya ukoo. Hapo utamwandika kaka vizuri kuliko alipokuwa hai.

Na unapoiandika rasimu, barua za wasomaji mpe mtu akutunzie. Zisome ukimaliza. Huwezi kumsikiliza binti na watu mia kwa wakati mmoja.

Limebaki la mchapishaji. Mwezi wa kumi hautoshi kwa kitabu hiki ninachokiona, na ni heri aambiwe sasa kuliko mwezi wa tisa. Wasomaji wa George R.R. Martin walipata kitabu cha tano cha mfululizo wake mwaka 2011 na bado wanasubiri cha sita. Wana hasira, lakini wapo, na wanaendelea kuvisoma vile vya kwanza. Kinachowakimbiza wasomaji moja kwa moja ni kitabu kilichotolewa kikiwa kibichi. Mwandikie mhariri wako kwa heshima na kwa uwazi, usiombe radhi kupita kiasi. Mwambie kwamba muswada uliouanza umeuacha, umepata mwelekeo mwingine, na mweleze mwelekeo huo kwa ukurasa mmoja: ngoma, ukame, uongo wa binti, mwanamke wa kisimani. Muahidi sura tatu kufikia mwezi wa kumi badala ya kitabu, na tarehe ya kitabu mpange pamoja akishazisoma. Kama mkataba ulioutia saini unataja adhabu ya kuchelewa, uchukue na umtafute mtu anayejua sheria akusomee kabla hujatuma barua hiyo.

Jambo la mwisho ni dogo, nalo ni la usalama. Anzisha daftari la nne, jembamba, la mambo ambayo kitabu cha kwanza kimeshayasema na hayawezi kubadilika: umri wa kila mtu, lango liko upande gani, ngoma ilipigwa mara ngapi na nani, nani aliona nini. Liandike ukiwa umefungua riwaya yako mezani, ukurasa kwa ukurasa, na usitegemee kumbukumbu. Robert Jordan alifariki mwaka 2007 kabla ya kuumaliza mfululizo wake wa The Wheel of Time, na kwa kuwa aliacha maelezo mengi ya maandishi, Brandon Sanderson aliweza kuufikisha mwisho kwa vitabu vitatu, cha mwisho kikatoka mwaka 2013. Wewe ni kijana na nakuombea umri mrefu, ila daftari hilo litakusaidia hata wiki ijayo, utakapofika kwenye usiku ule wa msafara na ukahitaji kujua kama baba alikuwa mjini. Anza na hilo, kisha nenda kisimani.